Diski ya nje: kabla ya kuuliza TB ngapi, uliza mlango umeungwaje

Picha za harusi ya mdogo wangu na hesabu zote za duka la mama zilikuwa kwenye diski ya nje ya TB 2 (terabaiti, kipimo cha nafasi). Kwa wiki kadhaa ilikuwa haisomi mpaka niushikilie waya kwa kidole. Siku moja taa ikapepesa mara mbili, ikazima, na kidole hakikusaidia tena. Fundi wa kwanza, Kariakoo, akaniambia: "Dada, diski imekufa, hapo ni kufomati tu." Kufomati ni kuifuta na kuipanga upya, na kilichokufa hakifomatiki! Ningelijua hilo mapema nisingemwachia hata dakika moja.

Maneno haya wauzaji huyachanganya, wewe usiyachanganye. Diski ni chombo chenyewe. Patisheni ni kama viwanja vilivyopimwa ndani ya eneo moja. Volyumu ni ile ambayo kompyuta huipa herufi, D au E, ukaifungua. Mfumo wa faili, yaani NTFS, exFAT au FAT32, ni utaratibu wa kuhifadhi na kutafuta faili humo ndani. Kwenye Windows andika diskmgmt.msc kwenye sehemu ya kutafuta, ufungue orodha ya diski. Ukiona patisheni ipo nzima ila haina herufi, ipe herufi, kazi imekwisha. Ikiandikwa RAW, mfumo wa faili hausomeki: okoa data kwanza, kufomati baadaye. Isipoonekana kabisa, badilisha waya, kisha kagua mlango.

Yangu haikuonekana. Fundi wa pili aliifungua, akanipa lenzi nitazame. Ule mlango bapa wa USB, uliogawanyika pande mbili, ulikuwa umenyanyuka upande mmoja, lehemu imeachia ubao. Diski nyingi za nje za inchi 2.5 zimelehemiwa mlango huo kwenye ubao wa diski yenyewe. Ndani hakuna SATA, yaani mlango wa kawaida wa kuunga diski ndani ya kompyuta, kwa hiyo huwezi kuitoa ukaichomeka kwenye kompyuta nyingine. Data zako nzima, mlango wa kuingilia hakuna.

Kwa hiyo namba moja kwangu si diski ya nje ya dukani. Nunua Samsung 870 EVO, diski ya SATA, na kasha lake la USB kando. Kasha likifa unanunua jingine, diski unaihamishia humo, na kila kitu kipo. Haina sahani inayozunguka, hivyo haiogopi kutikisika kwenye daladala, na ile ya GB 500 ina udhamini wa miaka 5. Mimi ni wa Samsung kwenye hili na sitafuti wa kunibadilisha.

Ukihitaji TB nyingi kwa hela ndogo, chukua Seagate Expansion ndogo. Nyingi ndani yake zina SATA na kibao cha USB kinachochomoka. Ya tatu ni WD My Passport. Ni imara, lakini mlango kwa kawaida umelehemiwa, na matoleo mengi husimba data (huzifunga kwa msimbo) kwenye ubao hata kama hukuweka nywila, kwa hiyo ubao ukiungua uokoaji unakuwa mgumu sana. Flashi za "TB 2" za bei ya chipsi kavu ni za uongo, pita.

Ukiona TB 1 inasoma GB 931 kwenye Windows, hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024.

Ninapoumia ni kwenye udhamini. Muuzaji wangu aliniahidi mwaka mzima kwa mdomo, akaniandikia karatasi ya daftari, na niliporudi akasema mlango ni "matumizi ya mteja". Mlango ambao kazi yake ni kuchomekwa! Siku hizi sitoi hela kabla ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye aina ya diski, na namba yake ya utambulisho (serial number) naipiga picha palepale kaunta. Anayekataa namwachia diski yake. Nakuomba nawe ufanye hivyo, na kabla hujaondoka chomeka waya, uutikise taratibu upande huu na upande huu, ukiangalia taa.