Seti ya feni ya umeme ya inchi 14 ya Kirinyaga Road: feni ifungwe, nyaya zake zitupwe

Kwenye maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, hukosi kuiona seti hii: feni nyembamba ya inchi 14 yenye mabawa ya plastiki, rilei moja (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), kitita cha nyaya zilizokwisha kufungwa plagi, swichi ya joto ya kuchomeka kwenye mapezi ya rejeta, na zip-tai ndefu za kufungia. Wanaoinunua ni wenye Datsun 1200, Ford Escort, Land Rover Series III na magari mengine ya zamani ambayo feni yake huzungushwa na mkanda. Wana haki. Jioni kwenye foleni ya Mombasa Road injini inanguruma chini chini, feni ya mkanda inazunguka polepole vilevile, na mshale wa joto unapanda.

Hukumu ni hii: feni yenyewe inafaa, rilei inapita, swichi ni ya kubahatisha, na nyaya hazifai kabisa. Anayenunua seti ahesabu kwamba amenunua feni tu, kisha atenge pesa za waya, fyuzi na swichi nzuri.

Kabla ya kutoa hata shilingi, angalia kifuniko cha rejeta. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya sufuria iliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha shinikizo la pauni 13 kwa inchi ya mraba huyazuia yasichemke hadi karibu nyuzi 115. Kifuniko kilicholegea springi hukurudisha kwenye zile 94, na swichi ya feni inayowaka kwenye 95 inakuwa imechelewa tayari. Magari mengi yanayosemekana yanataka feni yanataka kifuniko, au rejeta iliyozibuliwa.

Mwenye Peugeot 504 naye asikimbilie duka. Nyingi za 404 na 504 zilitoka kiwandani na feni inayonaswa na sumaku ya umeme kwenye puli: swichi ya joto ikifunga, umeme hupita kwenye brashi ya kaboni na sumaku huishika feni. Mara nyingi kilichokufa ni brashi au swichi, na fundi fulani akaikaza feni izunguke daima. Kuufufua mfumo huo ni kazi ndogo kuliko kufunga seti mpya, na gari linabaki lilivyokusudiwa, jambo ambalo mwenye kulipeleka Concours, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse atalithamini.

Sasa feni. Ijaribu kwa betri palepale dukani. Sikiliza kama beringi zinakwaruza, kisha uliza mwenye duka akuletee mita ya kubana waya. Feni ya inchi 14 inayofanya kazi ya kweli huvuta ampea 10 hadi 15 ikishashika kasi, na mara mbili au tatu ya hapo kwa nukta chache inapoanza. Sanduku likiandikwa wati 80, gawanya kwa 12: hazifiki ampea 7, na huo ni upepo wa gari dogo tu. Angalia pia mabawa yamejipinda upande gani. Feni ya kuvuta, inayokaa nyuma ya rejeta upande wa injini, ndiyo bora. Ya kusukuma, inayokaa mbele, ni ya gari ambalo pampu ya maji haikuacha nafasi. Kugeuza nyaya mbili hugeuza mzunguko, lakini mabawa yaliyojipinda yakizunguka kinyume hupoteza nguvu nyingi. Lazima yachomolewe na kugeuzwa pia. Ukishafunga, weka karatasi mbele ya rejeta: ikinata, hewa inaenda sawa. Ikipeperuka mbele, feni inapigana na upepo wa safari.

Zip-tai zilizomo zisifungwe kwenye rejeta. Hupenyezwa katikati ya mapezi, na barabara zetu zikitikisa, plastiki husugua mirija hadi itoboke. Tengeneza pau mbili za alumini bapa, upana milimita 25 na unene 3, zikaze kwenye fremu ya rejeta, feni ishikwe na pau hizo. Acha angalau milimita 20 kati ya mota ya feni na pampu ya maji, kwa sababu injini huyumba kwenye mautingi zake. Kava, lile boksi linaloizunguka feni ili hewa ipite kwenye rejeta nzima, nalo si urembo. Duara la inchi 14 lina eneo la inchi za mraba 154. Rejeta ya inchi 16 kwa 18 ina 288. Bila kava, karibu nusu ya rejeta haipati hewa ukiwa umesimama. Ndiyo maana feni ya ex-Japan (mtumba kutoka Japani) iliyong'olewa pamoja na kava lake, ikienea kwenye rejeta yako, huishinda seti hii kwa mbali. Na ukitoa feni ya mkanda, boliti zake ni ndefu mno kwa puli iliyobaki peke yake: tumia fupi au weka washa za kutosha, la sivyo zitagonga mwisho kabla ya kukaza puli.

Tukija kwenye nyaya, hapa ndipo seti inapoangusha watu. Kwangua waya kwa kisu. Ukiona wekundu juu na weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo upinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa shaba halisi na hukatika kwenye terminali. Hata ukiwa wa shaba, ukiwa wa milimita moja ya mraba kwa urefu wa mita 4 kwenda na kurudi, ampea 15 zitapoteza volti moja nzima njiani. Feni inazunguka kivivu na waya unapata moto. Kwa waya wa shaba wa milimita 4 za mraba unapoteza takriban volti 0.3 tu. Dai waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule mgumu wa nyumba hukatika kwa mtikisiko.

Mpangilio wake ni huu. Kutoka betri, waya wa milimita 4 uingie kwenye fyuzi ya ampea 25 au 30 iliyo karibu kabisa na betri, si karibu na feni, kwa sababu kinacholindwa ni huo waya. Kutoka fyuzi uende pini 30 ya rilei. Pini 87 iende kwenye feni, na waya mwingine wa feni wa unene uleule urudi kwenye bodi mahali palipokwanguliwa rangi, au moja kwa moja kwenye athi ya betri (terminali iliyoungwa na bodi). Pini 86 ipate umeme wa ufunguo kwa waya mwembamba wenye fyuzi ndogo. Pini 85 iende kwenye swichi ya joto, na swichi imalizie kwenye athi. Ukitaka swichi ya mkono ya kuwasha feni mwenyewe, iunge sambamba na swichi ya joto.

Rilei ya pini tano ina 87a katikati, ambayo huwa na umeme rilei ikiwa imelala. Feni ikichomekwa hapo itazunguka wakati usiofaa, kisha itazima yenyewe injini ikipata moto. Kosa baya zaidi ni kuichukulia feni umeme wake mkuu kwenye swichi ya ufunguo. Kontakti za swichi ya miaka ya sabini zitaungua, na feni inayozungushwa na upepo huzalisha umeme unaorudi kwenye koili ya kuwashia, hata injini ikakataa kuzima mara moja. Gari ambalo athi yake ni chanya, kama Morris Minor, litahitaji nyaya za feni zigeuzwe na rilei isiyo na dayodi ndani.

Swichi ya kuchomeka kwenye mapezi hupima joto la mapezi, si la maji, na huchelewa. Nunua ya kukaza kwa nati kwenye tangi la rejeta au kwenye adapta ya hosi ya juu. Ikiwa kwenye hosi ya juu na themostati (vali inayofungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta) ni ya nyuzi 82, chagua inayowaka 92 na kuzima 87. Ukichukua inayozima chini ya kiwango cha themostati, feni haitazima kamwe. Adapta ya alumini inahitaji waya wake wa athi, kwa kuwa imekalia mpira.

Gari lenye dinamo ya Lucas ya ampea 22 lisifungwe feni hii kabla ya kubadilishiwa alteneta. Usiku wa mvua taa, waipa, koili na feni hukaribia ampea 30, na kwenye foleni dinamo haitoi hata nusu ya uwezo wake.

Kazi ikiisha, acha injini ingurume dakika 20 ikiwa imesimama. Feni iwake, izime, iwake tena. Ikiwa inazunguka, pima volti kwenye betri, kisha kwenye terminali za feni. Tofauti ikizidi 0.5, fuata waya wa athi kwanza.