PastPerfect 5 au CollectiveAccess kwa mwenye Mac?

PastPerfect 5, programu ya kusajili vitu vya makumbusho inayojulikana sana katika makumbusho madogo ya Marekani, husakinishwa kwenye Windows tu. Mwenye Mac hulazimika kuendesha Windows ndani ya Mac yake kwa programu kama Parallels, au kuingia kwa mbali kwenye kompyuta ya ofisini. Zamani Boot Camp, zana ya Apple ya kusakinisha Windows kwenye Mac, ilisaidia, lakini Mac zenye chipu za Apple, zilizoanza kutoka 2020, hazinayo tena. Ni usumbufu mkubwa kwa anayetaka tu kusajili chungu kimoja na picha yake.

CollectiveAccess, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, hufunguliwa kwenye kivinjari, iwe Windows, Mac au Linux. Haiuzwi, ila inahitaji seva yenye PHP (lugha ya programu) na MySQL (mfumo wa hifadhidata), na mtu wa kuitunza. Fundi akiwepo, ningeichukua hii bila kusita.