Uzoefu wangu: Bustani ya Ueno, Tokyo, kwa mwenye siku moja tu

Ueno si bustani ya kuchosha miguu. Ina hekta 53 hivi, na mtu asiye na haraka huivuka kwa nusu saa. Kinachowaangusha wageni ni saa za kufunga. Makumbusho makubwa hufunga saa 11 au saa 11 na nusu jioni na huacha kupokea watu nusu saa kabla. Bustani ya wanyama ni kali zaidi: ikishagonga saa 10 alasiri, huingii. Kwa hiyo anza na vyenye mlango, vya wazi viache mwisho.

Jumatatu usiende kabisa, karibu kila kitu kimefungwa. Tena kuna mtego: Jumatatu ikiwa sikukuu ya taifa, makumbusho hufunguliwa, halafu hufungwa Jumanne. Siku ninayoipendekeza ni Ijumaa, kwa sababu Makumbusho ya Taifa ya Tokyo na yale ya Sanaa za Magharibi kwa kawaida huongeza muda hadi saa 2 usiku. Jumamosi nayo ni hivyo hivyo, ila watu ni wengi.

Kwenye stesheni ya treni ya JR Ueno fuata vibao vya Park Exit (mlango wa bustani). Tangu 2020 mlango huo unakutoa moja kwa moja bustanini, bila ngazi wala kuvuka barabara. Milango mingine hukuacha chini ya kilima, na hapo mwenye kigari cha mtoto atajuta.

Ukitoka tu, Makumbusho ya Sanaa za Magharibi yako mbele yako. Jengo lilisanifiwa na mbunifu Le Corbusier, ni la 1959, na liliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2016. Sanamu za mchongaji Rodin zimesimama uani, unaziona bila tiketi. Ukinunua tiketi ya maonyesho maalumu, siku hiyo hiyo inakuingiza pia kwenye maonyesho ya kudumu, basi usilipe mara mbili.

Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa 1872, ndiyo yanayostahili muda mrefu zaidi: saa tatu, na bado utaacha mengi. Ni majengo kadhaa ndani ya ua mmoja. Ingia Honkan, yaani jengo kuu, na usianzie chini kama wafanyavyo wengi. Panda ghorofani kwanza, maana huko vitu vimepangwa kwa mfuatano wa nyakati, kuanzia vyungu vya Jomon, enzi ya kale sana ya Japani, hadi enzi ya Edo, iliyoisha karne ya 19. Chini vimegawanywa kwa aina: panga, sanamu, vyombo vya laka. Ukianzia huko unaona vitu vizuri bila kujua kipi kilitangulia. Kama umefuata mchoro fulani maarufu, hakikisha kwenye tovuti yao kwamba uko ukutani wiki hiyo. Michoro ya karatasi na hariri hufifishwa na mwanga, kwa hiyo huonyeshwa kwa wiki chache, kisha hurudishwa ghalani. Kupiga picha kunaruhusiwa sehemu nyingi bila fleshi. Tazama alama kando ya kila kioo. Weka sarafu ya yeni 100 mfukoni kwa kabati la mizigo, ukifungua inarudi.

Wenye watoto waende Makumbusho ya Sayansi, penye sanamu ya nyangumi wa buluu nje. Katika jengo la Japani amehifadhiwa Hachiko mwenyewe, yule mbwa aliyeendelea kumngojea bwana wake aliyekwisha kufariki, hadi mbwa mwenyewe akafa 1935. Ngozi ni yake halisi, manyoya meupe yenye rangi ya krimu, na wengi humpita bila kujua ni nani.

Jioni teremkia bwawa la Shinobazu kwa kupitia hekalu la Kiyomizu Kannon-do. Hapo kuna msonobari wenye tawi lililokunjwa duara kamili, na ukisimama sawasawa unaliona hekalu la Bentendo katikati ya duara hilo. Boti za kasia na za pedeli ziko upande mmoja wa bwawa, upande mwingine umefunikwa na mayungiyungi. Hayo huchanua Julai na Agosti, lakini hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri. Msimu huo geuza ratiba: bwawa kwanza, asubuhi sana, makumbusho baadaye.

Beba mfuko wa taka zako, mapipa ni machache mno.