Pilipili mbuzi: maji kamili au maji pungufu?

Kila kaskazi inapokausha mashamba ya Unguja na Pemba, wakulima wa pilipili mbuzi huulizana kama ni bora kuupa mpilipili maji yote unayoyahitaji au kuubania. Kwa mavuno, maji kamili hushinda: mizizi mingi ya mpilipili haiendi chini sana, na ukishikwa na kiu wakati wa maua huyapukutisha pamoja na vitunda vichanga, hasara ambayo maji ya baadaye hayaifidii.

Kwa gharama, maji pungufu yana nafuu. Milimita 1 ya maji ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Hivyo robo eka ikipewa milimita 5 kwa siku hutaka takriban lita 5,000, na anayeteka kisimani kwa ndoo anaijua kazi hiyo.

Katika utunzaji, udongo ndio unaoamua. Kwenye udongo mzito wa mabondeni, maji yakizidi mizizi huoza, na majani hulegea ilhali ardhi ni chepechepe. Nimeona wengi wakiongeza maji hapo, jambo linalouua mmea haraka zaidi. Chimba kwanza kina cha kidole uone kama udongo bado umelowa. Kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe, ya Makunduchi kusini mwa Unguja, udongo haba hauweki akiba, kwa hiyo kubania ni hatari.

Mwenye kisima chenye maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya kutosha na atoe kamili, kidogo kidogo. Mwenye maji haba apunguze eneo la kupanda, au abanie kabla ya maua, wala si yanapochanua.