Kozi ya watafiti kuzungumza na wanahabari: mahojiano safi, karatasi ndiyo kasoro

Nyota nne kati ya tano. Nasema mapema ili asiye na muda aondoke na jibu lake. Mwenye muda abaki, kwa sababu ile nyota moja niliyoizuia ina maelezo marefu kuliko nne nilizotoa.

Ni mafunzo ya vikundi vidogo yanayoendeshwa na watu wawili. Mmoja amewahi kuwa mhariri wa habari za sayansi gazetini, mwingine mtangazaji wa redio. Wanapokea watafiti wa fani yoyote. Kundi letu lilikuwa na mwanajiolojia, daktari wa mifugo, mtu wa takwimu aliyeletwa kwa amri ya mkuu wake wa idara na wala hakuficha, na mimi ninayeshughulika na mbu. Wengine sikupata kuwazoea.

Roho ya kozi ni mahojiano ya majaribio. Unakalishwa mbele ya kamera, taa inakupiga usoni, na yule mama wa redio anauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Kwa hiyo dawa inawaua mbu, au haiwaui?" Hapo ndipo utakapojijua. Karibu kila mmoja wetu alianza kueleza namna sampuli zilivyokusanywa. Tumelelewa na majarida: utangulizi, mbinu, matokeo, halafu hitimisho linatolewa mwisho kama bibi harusi. Habari inataka bibi harusi aingie kwanza, wageni baadaye. Mama hakutuhubiria. Alirudisha picha nyuma, akatuacha tujisikilize. Daktari wa mifugo aliomba izimwe.

Kabla ya kukaa kwenye kile kiti unaandika sentensi moja ambayo ungependa msikilizaji abaki nayo hata akisahau jina lako. Inaonekana kazi ya mtoto, lakini mwanajiolojia aliandika nane, zote na "huenda". Walimu hawakumkataza kusema huenda, na hapo niliwaheshimu. Walimwambia aseme shaka yake iko wapi hasa, na ni kubwa kiasi gani, badala ya kuinyunyiza kwenye kila kitenzi.

Mengine mazuri niyataje haraka. Ukipigiwa simu, uliza kwanza: chombo gani, kipindi ni cha moja kwa moja au kinarekodiwa, nani mwingine anahojiwa, na mwandishi anatakiwa kupeleka habari saa ngapi. Ukimaliza kujibu, nyamaza, kwa maana mwandishi mzoefu hukaa kimya makusudi na wewe unaijaza ile nafasi kwa jambo ambalo hukupanga kulisema. Kama kuna neno hutaki linukuliwe, mkubaliane kabla hujalitamka, ukishalisema umeshachelewa. Na usidai usomewe habari nzima kabla haijachapwa, vyumba vingi vya habari havikubali. Jitolee kuhakiki nukuu zako na tarakimu, kisha tuma tarakimu hizo kwa maandishi siku hiyohiyo.

Kuna somo moja ningelifuta: mbinu ya kuvusha swali. Unaulizwa hiki, unasema "jambo la msingi hapa ni...", unajibu kile. Hiyo ni silaha ya wanasiasa, waachiwe wenyewe. Msikilizaji anaisikia mara moja, na mtafiti mtaji wake wote ni kuaminika. Niliuliza kwa nini tusifundishwe kusema "sijui, lakini fulani anajua". Nilijibiwa kwamba hilo nalo linaruhusiwa. Linaruhusiwa! Lingekuwa somo la kwanza.

Kisa cha L'Aquila, mji wa Italia uliopigwa na tetemeko, walikifundisha vizuri kuliko nilivyotarajia. Wengi tulijua toleo la mitaani: wanasayansi wa Italia walifungwa kwa kushindwa kutabiri tetemeko. Haikuwa hivyo. Mwishoni mwa Machi 2009 mji ulikuwa umetikiswatikiswa kwa miezi, na wataalamu wakaitwa kwenye kikao. Kabla hakijaanza, ofisa wa ulinzi wa raia aliieleza televisheni kwamba hali ni njema kwa kuwa nishati inatoka kidogokidogo, akakubali hata utani wa mwandishi kwamba watu watulie wanywe divai. Tarehe 6 Aprili tetemeko likaua watu zaidi ya 300. Mashtaka yalihusu hayo maneno ya kuwatuliza watu. Mwaka 2012 wanasayansi sita na ofisa huyo walihukumiwa miaka sita kila mmoja. Mwaka 2014 sita wakaachiwa katika rufaa, yeye akapunguziwa hadi miaka miwili. Mwanajiolojia wetu alishikilia swali moja tu: kikao kikiisha, nani anakwenda mbele ya kamera, na wengine wakisikia amekosea wanamsahihisha lini? Tulilibishania mpaka muda wa mapumziko ukapita, na walimu wakawa na busara ya kutotukatiza.

Sasa ile nyota. Kozi nzima inachukulia kwamba hatari inaanzia kwa mwandishi: atakugeuza, atakukata, atakupa kichwa cha habari kibaya. Taarifa kwa vyombo vya habari, ile karatasi inayotoka chuoni kwetu wenyewe na majina yetu juu yake, iliwekwa mwisho kabisa, tukiwa tayari tunatazama saa.

Na ushahidi upo. Mwaka 2014 BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, lilichapisha utafiti uliopitia taarifa 462 za vyuo vikuu 20 vya Uingereza kuhusu afya. Asilimia 40 zilitoa ushauri uliotiwa chumvi kuliko makala yenyewe ya kisayansi. Asilimia 36 zilivusha matokeo ya wanyama hadi kwa binadamu bila kibali cha data. Taarifa ilipotia chumvi hiyo ya wanyama, asilimia 86 ya habari zilizotokana nayo zilitia vilevile. Taarifa ilipojizuia, ilikuwa asilimia 10 tu. Na kutia chumvi hakukuonekana kuongeza nafasi ya habari kuchukuliwa na magazeti. Mimi wa mbu naielewa aibu hii vizuri sana, kwa kuwa mbu wa kwenye vizimba vya maabara si mbu wa kijijini, na najua jinsi neno "maabara" linavyopotea kati ya rasimu ya kwanza na ya tatu.

Aliyeokoa somo hilo ni yule wa takwimu aliyeletwa kwa nguvu. Alisimama akaandika ubaoni kisa cha Uingereza cha Oktoba 1995, pale kamati ya usalama wa dawa ilipoonya kwamba aina mpya ya vidonge vya uzazi wa mpango inaongeza hatari ya damu kuganda mara mbili. Mara mbili! Wanawake wengi wakaacha vidonge, na inakadiriwa mwaka uliofuata utoaji mimba uliongezeka kwa takriban 13,000 nchini England na Wales. Kisha akaandika chini yake: kutoka mwanamke 1 kati ya 7,000 hadi 2 kati ya 7,000. Hakuna mwandishi aliyeongopa. "Mara mbili" ilikuwa kweli, na ilitoka kwa wataalamu. Alipewa dakika chache, viti vikawa vinakusanywa huku anafuta ubao. Ningebadilisha somo zima la kuvusha maswali kwa nusu saa zaidi ya huyu bwana.

Somo la embago, yaani habari unayopewa mapema kwa sharti la kutoitoa mpaka saa iliyotajwa, ni sahihi ila kavu.

Nani ajiunge? Mwenye makala inayokaribia kuchapishwa na anayejua simu itaita. Anayeogopa kipaza sauti kabisa huenda akaanzia The Conversation, tovuti ya makala za watafiti iliyoanzia Australia mwaka 2011: unaandika mwenyewe, mhariri anakunyoosha, na haitoki mpaka uidhinishe. Maofisa habari wa vyuo nao wangekaa darasa moja na sisi. Kwetu hakuwepo hata mmoja, na nadhani hiyo ndiyo sababu somo la taarifa lilidorora.

Picha za mahojiano yako unapewa uende nazo. Vitini pia, isipokuwa cha tarakimu za hatari, ambacho hakimo kwenye furushi. Kiombeni, wanacho.