Kayaki yangu ya kwanza: misimu mitatu ya kuvua kwa inzi wa manyoya

Siku niliyoinunua nilimpigia simu mjomba wangu Tanga.

"Shikamoo, mjomba. Nimenunua chombo."

"Marahaba. Ngalawa?"

"Kayaki. Ya plastiki."

Akanyamaza kidogo. "Kina tanga?"

"Hakina."

"Mirengu?"

"Hakina."

"Sasa kina nini?"

"Kina kiti."

Alicheka mpaka akapaliwa, kisha akampa simu mkaza mjomba ili nimweleze na yeye.

Hiyo ni misimu mitatu iliyopita. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa kupiga kafi. Naishi Minnesota, jimbo la Marekani lenye maziwa zaidi ya 10,000, na msimu wangu huanza barafu ikishayeyuka, Aprili hivi, ukaisha Oktoba vidole vinapogoma kufunga fundo. Kila nikituma picha ya samaki kwenye grupu letu la Waswahili wa huku, maswali ni yale yale: kayaki gani, bei gani, haipinduki? Najibu hapa mara moja, nisirudie.

Kwanza mjue navua vipi, maana ushauri wangu haumfai kila mvuvi. Nyumbani tulivua kwa mshipi wa mkono: ndoano, chambo, chubwi. Chubwi ndiyo inayoupeleka mshipi mbali na kuuzamisha. Huku nimejifunza kuvua kwa inzi wa bandia, yaani manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoano mpaka zikafanana na mdudu, chura au kidagaa. Inzi huyo hana uzito. Mtupe kwa mkono uone kama hatakurudia usoni. Uzito umo kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na laini, na huo ndio unaorushwa kwa fimbo, nyuma, mbele, nyuma, mbele, hadi unyooke juu ya maji na kumbeba inzi. Kisha unauvuta kwa mkono kidogo kidogo ili inzi acheze. Na ule uliokwisha kuvutwa unakwenda wapi? Unaanguka miguuni pako. Mita kumi, kumi na mbili za mshipi zimelala mapajani na sakafuni, zinatafuta kitu cha kujinasia.

Jambo hilo ndilo lililoniamulia kila kitu, na dukani hakuna aliyelitaja.

Kijana wa dukani alikuwa na adabu zake na bidhaa alizijua. Alinionyesha kayaki ya uvuvi yenye kila kitu: vishikio vinne vya fimbo, reli pembeni za kufungia vifaa, kioo cha kuonyesha samaki walio chini, na pedali. Bei ilikaribia dola 3,000. Pedali si upuuzi, nisije nikaeleweka vibaya. Tangu kampuni ya Hobie ilipozileta sokoni mwaka 1997 wavuvi wengi wamezipenda, kwa kuwa miguu inaendesha chombo na mikono inabaki huru, na upepo ukikusukuma unaweza kukaa palepale huku unavua. Anayevua kwa fimbo ya kawaida ningemwambia anunue, kama mfuko unaruhusu. Lakini kwetu sisi wa inzi, mtambo wa pedali umesimama katikati ya miguu, pale pale mshipi unapoangukia. Nilipanda juu yake mbele ya wateja, nikajifanya navuta mshipi, nikaona yatakayonipata. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Yangu niliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa anapunguza vitu gereji: dola 650 pamoja na kafi la pande mbili. Urefu futi 12, upana inchi 34, ni ya kukalia juu na si ile ya kuingiza miguu ndani. Haina pedali wala reli, ina vishikio viwili tu vya fimbo nyuma ya kiti. Mzee aliiombea radhi kabisa, eti haina mambo mengi. Nilijizuia nisicheke, bei isije ikapanda.

Kwa nini ya kukalia juu? Kwa sababu ya kupinduka, swali mnalolipenda. Ile ya kuingia ndani ikipinduka inajaa maji, na uko katikati ya ziwa huna pa kusimama ukayafua. Ya kukalia juu ina matundu yanayopenya hadi chini, maji yakiingia yanatoka yenyewe. Ukianguka unaigeuza, unajivuta tumbo kwanza, unazungusha makalio, unakaa. Naandika hivyo kwa kuwa nimeifanya: Julai ya kwanza, maji ya kifuani, nilijipindua makusudi mara nne huku binti yangu akihesabu ufukoni. Mara mbili za mwanzo nilishindwa kurudi juu. Afadhali kushindwa pale kuliko pengine. Kupinduka kwa bahati mbaya, katika misimu mitatu, bado. Jaketi la kujiokolea silivui. Sheria hapa inataka uwe nalo chomboni na mtoto wa chini ya miaka 10 alivae, lakini maji ya Mei huku ni barafu iliyoyeyuka juzi, na maji ya baridi kiasi hicho yanakukata pumzi hata kama ulizaliwa ukiogelea Bahari ya Hindi.

Urefu nao una hesabu yake. Minnesota chombo kisicho na injini kikizidi futi 10 kinasajiliwa. Cha futi 10 au pungufu hakidaiwi usajili. Wengi hununua futi 10 kwa sababu hiyo. Mimi niliijaribu ya jirani: ni nyepesi kubeba, lakini kila ukipiga kafi pua inakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama bata aliyekunywa. Ya futi 12 inanyooka. Nikalipia usajili wangu, basi.

Sasa malalamiko, na la kwanza ni uzito. Kilo 35. Ukiwa dukani kilo 35 ni namba kwenye karatasi. Saa tatu usiku, peke yako, mikono imechoka, mbu wanakula shingo na keria ya Corolla iko juu ya kichwa chako, kilo 35 ni mbuzi aliyegoma. Mara ya kwanza nilikwaruza rangi ya gari kuanzia taa mpaka dirisha. Mama Salma alilitazama lile jeraha asubuhi, akauliza, "Baba Salma, hiyo dola mia sita na hamsini ulihesabu na hii?" Sasa naweka zulia la mlangoni juu ya buti, naegemeza pua ya kayaki hapo, kisha nainyanyua kwa nyuma na kuisukuma. Hivyo sibebi zaidi ya nusu ya uzito. Na nina kigari cha magurudumu mawili cha kuivutia hadi majini. Ukitaka kununua, usilipe kabla hujainyanyua mwenyewe mpaka usawa wa bega.

La pili ni kiti, lakini ngoja nisimulie.

Jioni moja ya Juni ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta. Nilikuwa nimejisogeza kwenye ukingo wa yungiyungi, chura wangu wa manyoya anaelea kwenye uwazi wa ukubwa wa meza. Nikamtikisa mara moja. Besi, samaki wa maziwa ya huku, akampiga kwa kishindo kama mtu katupa tofali. Nikainua fimbo, samaki akaondoka, mshipi ukaanza kumfuata vizuri kutoka sakafuni, ukapita vidoleni, kisha ukakaza ghafla. Ulikuwa umejizungusha kwenye bizimu ya mkanda wa kiti. Uzi wa mbele, ule mwembamba unaomuunga inzi na mshipi, ukakatika, na besi akaenda na chura aliyenichukua dakika arobaini kumfunga.

Kesho yake nilikaa gereji na bisibisi. Kila kilichochomoza mbele ya kiti, kama kinatoka, nilikitoa. Kisichotoka, kama bizimu na skrubu za pa kukanyagia, nilikifunika kwa utepe. Kisha nikachukua tenga la plastiki la nguo chafu, nikalikata ukingo wa upande wangu, nikalibana katikati ya magoti. Mshipi unaangukia humo. Mama Salma alilitafuta siku mbili. Tenga hilo limeniokolea samaki wengi kuliko kifaa chochote nilichowahi kununua, na nikiwa sina hilo, taulo lililoloweshwa likatandazwa juu ya miguu linasaidia. Wanaouza kayaki za uvuvi wanahesabu vifaa vilivyomo. Wewe wa inzi hesabu vilivyochomoza. Pitisha kamba ya viatu juu ya sitaha pale dukani, ivute polepole, uone inanasa mara ngapi.

Kurusha ukiwa umekaa ni somo jingine. Uko chini mno, mshipi wa nyuma unapiga maji na kupoteza nguvu. Mwaka wa kwanza nilitumia fimbo yangu ya futi 9. Sasa nina ya futi 10 kwa ajili ya kayaki tu, na futi ile moja inasikika. Ila uzuri ni kwamba huhitaji kurusha mbali. Kayaki haina kelele, samaki hawaitambui, na unatupa kutoka majini kuelekea kwenye matete badala ya kutoka kwenye matete. Mita kumi zinatosha sana. Kusimama nasimama, upana wa inchi 34 unaruhusu, lakini ni msimu huu tu nimeacha kutetemeka magoti, na ni ziwa likiwa kimya.

Likichafuka ni habari nyingine. Sisi wa pwani tumezoea upepo wenye kalenda: kusi wakati wake, kaskazi wakati wake. Huku upepo hauna adabu hiyo, unaweza kubadilika ukiwa unakunywa chai. Kayaki inakaa juu ya maji kama jani, na huwezi kushika fimbo na kafi kwa pamoja. Hapo ndipo nilipowaonea wivu watu wa pedali. Nikanunua nanga ndogo ya kilo moja na nusu, na kwa uvivu nikaifunga ubavuni, karibu na mkono. Upepo ukavuma, kayaki ikakaa kimshazari, kamba ikavuta ubavu chini na wimbi likaanza kupanda mapajani. Nilikata kamba kwa kisu. Nanga iko huko hadi leo. Sikumsimulia mjomba, mtoto wa Tanga kufunga nanga ubavuni ni aibu ya ukoo. Sasa nina kamba inayozunguka kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, kupitia kapi mbili, naivuta mpaka nanga iende tezi, na kayaki inanyooka na upepo. Vifaa vyake havikufika dola 30.

Kuna mambo madogo. Leseni ya uvuvi kwa aliyefika miaka 16. Kizibo cha kutolea maji kinatolewa kabla hujaingia barabarani, na majani yote yanabanduliwa, kwa sababu ya kome wadogo wenye milia kama pundamilia wanaosambaa kutoka ziwa hadi ziwa kwa kubebwa na vyombo. Ni sheria, na wakaguzi hukaa kwenye vituo vya kushushia boti. Dakika mbili tu.

Mkiniuliza kama pesa yangu imerudi, nitawaambia kuhusu wiki ya kwanza ya Juni. Wakati huo samaki waitwao blugili, bapa, umbo kama perege, wapana kama kiganja, wanachimba viota kwenye maji ya kina cha goti. Ukipita juu yake unaviona: miduara misafi kama sahani zilizopangwa mchangani, kila moja na dume lake linazunguka kulinda. Ukiwa ufukoni huvioni, mwanga wa juu ya maji unavificha. Kwenye kayaki unatupa inzi mdogo mweusi ukingoni mwa kundi, anashuka polepole, dume linakuja kumfukuza. Samaki wa robo kilo anakuzungusha chombo kizima. Siku ile Salma, ana miaka kumi na moja, alikaa mbele yangu (chombo kinabeba kilo 160, tunatosha) na akawatoa kumi na wawili. Tukawarudisha wote ila wanne, maana ni madume yanayolinda mayai. Wale wanne tuliwakaanga na ndimu na pilipili. Wana miba, lakini nyama yake tamu.

Na kiti. Kitambaa chake kilipasuka msimu wa pili, mshono wa nyuma, na muuzaji wa vipuri aliniletea kisichoingia, mara mbili. Mwishowe nilishona mwenyewe kwa uzi wa mshipi. Kimeshika.

Mama Salma naye sasa anataka yake. Masharti ametoa: iwe ya njano, isizidi dola 400, na kwenye keria apandishe mwingine.