Mboga za kulishia nyenje, duka la Wahindi Irving: nyota nne

Kama unafuga mjusi wa kula wadudu huku Marekani soma hii. Niko na lepad geko, na huyo hagusi majani hata umbembeleze vipi, yeye ni nyenje na funza wa unga basi. So chenye nyenje amekula ndio mjusi anapata, na nyenje wenyewe fosforasi wako nayo mingi, kalsiamu karibu hakuna. Mjusi akikosa kalsiamu muda mrefu taya inakuwa laini na miguu inapinda. Ndio maana lazima uwashibishe nyenje siku moja ama mbili kabla ya kumpa.

Zile jeli za rangi rangi za kulishia nyenje wanauza kwa maduka ya wanyama sizipendekezi, ni maji mengi tu, afadhali hiyo pesa uipeleke kwa mboga.

Sasa hili duka liko huku Irving, karibu na Dallas, na upande wa majani wamejaliwa kweli. Sukuma wiki ndio namba moja kwangu, gramu 100 mbichi iko na kama miligramu 230 za kalsiamu na fosforasi ni kama 25 tu. Weka jani jioni, asubuhi unakuta wameguguna wakabakisha ule mshipa wa katikati! Mlonge pia wanao, wa matawi, huo supamaketi za kawaida sijauona. Karoti na viazi vitamu vyenye rangi ya machungwa ndani nawakunia kidogo kwa sababu ya vitamini A.

Spinachi ziache, ziko na kemikali inaitwa oksaleti, inaishikilia kalsiamu haitumiki mwilini. Mchicha hivyo hivyo, wape nyenje mara moja moja tu, najua tunaupenda. Letasi ile nyeupe ni maji matupu. Na tafadhali osha kila kitu vizuri sana maana dawa ya shambani imetengenezwa kuua wadudu, na mabaki yatoe kesho yake kabla yaote ukungu. Unga wa kalsiamu endelea kuwanyunyizia, mboga haichukui nafasi yake.

Nyota ya tano nimewanyima kwa sababu mlonge wanaufunga kwa plastiki ukiwa umelowa, ukichelewa kidogo majani yashakuwa meusi. Ukiununua, ukifika tu nyumbani fungua uutandaze kwa gazeti.